Matege yasiyopona kwa jua wala maziwa: mwongozo kwa wazazi wa Unguja na Pemba

Mwongozo huu ni wa mzazi ambaye mtoto wake ameota jua tangu alipotolewa arobaini, anakunywa maziwa, ameshamaliza chupa mbili za vitamini D, na bado miguu inazidi kupinda. Nina neno moja kubwa la kumwambia, na mengine yote hapa chini yanalitumikia hilo: kabla mtoto hajapewa chupa ya tatu, apimwe fosfeti, madini yanayokaza mfupa pamoja na kalsiamu, kwenye damu.

Visiwa vyetu vina jua mwaka mzima. Matege, yaani ugonjwa wa mifupa ya mtoto kubaki laini, yakiwa ya kukosa jua au chakula yapo hata hapa, lakini yana tabia moja nzuri: yakitibiwa yanapona. Yasipopona, kuna uwezekano kwamba mtoto amezaliwa na jeni (chembe ya urithi) yenye hitilafu, na mwili wake unashindwa kutumia vitamini D au unaipoteza fosfeti kwenye mkojo. Huyu huwezi kumtibu kwa kumzidishia kile kile kilichoshindwa. Anahitaji dawa nyingine, na kila mwaka unaopita bila dawa hiyo unamla urefu na unazidi kumpinda miguu.

Hatua ya kwanza: hakikisha ni matege kweli

Karibu kila mtoto anaanza kutembea na miguu iliyopinda kidogo. Hunyooka akikaribia miaka 2, kisha magoti huingia ndani kidogo akiwa na miaka 3 au 4, na akifika miaka 7 miguu huwa imekaa sawa. Hayo ni makuzi, hayana dawa.

Kipimo cha nyumbani ni tepu ya fundi cherehani. Mlaze mtoto chali juu ya mkeka, mnyooshe miguu, magoti yaelekee juu kabisa wala yasilale upande, kisha kutanisha vifundo viwili vya miguu mpaka viguse. Pima nafasi iliyobaki baina ya magoti. Andika sentimita ulizopata na tarehe nyuma ya kadi ya kliniki. Kama tatizo ni magoti yanayogongana, fanya kinyume chake: kutanisha magoti, upime nafasi baina ya vifundo. Rudia kila baada ya miezi mitatu. Nafasi baina ya magoti inayozidi sentimita 6, au inayoongezeka badala ya kupungua, au inayobaki wakati mtoto ameshavuka miaka 2 na nusu, si ya kusubiri.

Miguu si dalili pekee. Tazama vifundo vya mikono kama vimenenepa kuliko vya watoto wenzake. Pitisha kidole mbavuni, pale mbele zinapoungana na kifua, uone kama kuna vinundu vilivyojipanga kama tasbihi. Angalia kama mtoto alichelewa kusimama, kama anatembea akiyumba huku na huku, kama analalamika miguu jioni, kama paji la uso limejitokeza. Muhimu kuliko yote hayo ni urefu. Mtoto aliyekuwa sawa na wenzake akiwa na mwaka mmoja, na sasa wadogo zake wanamfikia, anakuambia jambo.

Kuna dalili mbili ambazo wengi hawazihusishi na mifupa. Ya kwanza ni usaha kwenye ufizi, kijipu juu ya jino ambalo halina tundu wala halikuoza. Ndani ya jino lile madini hayakukaza vizuri, bakteria wakapenya kupitia ufa usioonekana. Ya pili ni kichwa kisicho na nywele: mtoto aliyezaliwa nazo zikapukutika, pengine mpaka nyusi. Yote mawili mwambie daktari hata kama hakuuliza.

Mguu mmoja tu ukipinda na mwingine ukawa mzima, huenda hayo si matege ya aina hii, na daktari wa mifupa amwone mapema. Na mtoto mwenye dalili hizi akipata degedege, au mikono ikakakamaa vidole vikajikunja, kalsiamu ya damu imeshuka. Hiyo ni safari ya hospitali saa hiyo hiyo, usiku usisubiri kukucha.

Hatua ya pili: yatibuni kwanza matege ya lishe, kwa dozi kamili na kwa muda maalumu

Nchi kama Nigeria na Gambia zina jua kama letu, na matege ya lishe yapo, sababu kubwa ikiwa upungufu wa kalsiamu. Mtoto anayekula uji mtupu, muhogo, wali na chai ya rangi kutwa nzima, bila maziwa wala dagaa, anaweza kuwa na jua la kutosha na kalsiamu asiwe nayo. Na yupo mtoto anayefichwa ndani miezi mingi, mama mwenyewe akiwa hatoki bila kujisitiri mwili mzima. Huyo vitamini D inaweza kumpungukia ingawa nyumba yao iko ufukweni.

Tiba inajulikana vizuri. Mwongozo wa kimataifa wa mwaka 2016 unataka mtoto wa chini ya mwaka 1 apewe vitamini D yuniti 2,000 kila siku. Kuanzia mwaka 1 mpaka 12, yuniti 3,000 hadi 6,000. Kwa siku zisizopungua 90, pamoja na kalsiamu miligramu 500 kwa siku kutoka kwenye chakula au dawa. Matone machache ya kujaribu hayahesabiki kuwa tiba. Ndiyo maana mtoto atakayesemwa "dawa haikumsaidia" lazima kwanza tujue alipewa kiasi gani, kwa siku ngapi.

Piga picha ya eksirei ya kifundo cha mkono na magoti kabla ya kuanza, na nyingine baada ya miezi mitatu. Kwenye matege mwisho wa mfupa huonekana mpana, umebonyea kama kikombe, na ukingo wake umechanikachanika. Ikiwa ni ya lishe, picha ya pili itaonyesha mstari mweupe wa mfupa unaojijenga upya. Ikiwa picha mbili zimefanana, simama hapo. Usikubali sindano kubwa ya vitamini D irudiwe tena na tena kwa kubahatisha. Vitamini D ikizidi hupandisha kalsiamu: mtoto hutapika, hufunga choo, ana kiu isiyokatika, na figo zinaanza kuota mawe.

Mwambie daktari pia dawa zote ambazo mtoto anatumia. Baadhi ya dawa za kifafa, fenobabitoni mojawapo, zinaweza kuleta matege peke yake. Ugonjwa sugu wa figo na wa ini pia.

Hatua ya tatu: kaeni na wazee

Kipimo hiki hakina gharama na mara nyingi hakifanywi. Chukua karatasi, kaa na bibi mzaa baba na bibi mzaa mama, kila mmoja kwa wakati wake, chora ukoo wa vizazi vitatu. Usiulize kama kuna ugonjwa, maana jibu litakuwa hapana. Uliza hivi: "Shikamoo bibi. Katika uzawa wenu, nani alikuwa mfupi kuliko ndugu zake? Nani alikuwa na miguu ya matege hata ukubwani? Nani meno yalimtoka mapema, au akiuguaugua majipu ya ufizi? Yupo mtoto aliyefariki mdogo kwa degedege?" Mara nyingi utajibiwa: "Aa, huyu karithi miguu ya babaake tu, kwao wote ndivyo walivyo." Bibi anasema kweli, na maneno yake hayo yana thamani kubwa kwa daktari. Umbo la ukoo linaweza kuwa ugonjwa ambao haukuwahi kupimwa.

Sasa soma karatasi yako. Aina inayojulikana zaidi ya matege ya kurithi inatokana na jeni iitwayo PHEX, iliyoko kwenye kromosomu X, mojawapo ya zile mbili, X na Y, zinazoamua mtoto awe wa kike au wa kiume. Huwapata takribani mtoto mmoja katika kila watoto 20,000 wanaozaliwa duniani. Ugonjwa wenyewe ulielezwa na daktari Mmarekani Fuller Albright mwaka 1937, akiuita matege yanayokaidi vitamini D. Jeni yake ilipatikana mwaka 1995. Kwa kuwa iko kwenye X, ina njia yake ya kupita. Baba mwenye ugonjwa humpa kila binti yake, wala hampi mtoto wa kiume hata mmoja, kwa sababu mwanawe humpa Y. Mama mwenye ugonjwa, kila mimba ina nafasi ya nusu kwa nusu, mtoto akiwa wa kike au wa kiume. Ukiona baba mwenye matege, mabinti wote wana matege na wanaume wote wamenyooka, ukoo umeshakupa jibu kabla ya maabara.

Ikiwa baba na mama wote wamenyooka lakini watoto wawili wana matege, mfano ni mwingine. Kuna aina ambazo zinahitaji mtoto apokee jeni mbovu mbili, moja kwa baba na moja kwa mama. Wazazi wenyewe ni wazima kabisa, kila mmoja kabeba moja bila kujua. Kila mimba yao ina nafasi moja kati ya nne ya mtoto kuugua. Hali hii hutokea zaidi pale mume na mke wanapokuwa mtu na mtoto wa ami yake, au wa mjomba, au wa shangazi, kwa sababu wamechota kwa babu mmoja. Kwetu ndoa hizi ni za kawaida na nyingi zina watoto wazima watupu. Silisemi hili ili mtu aijutie ndoa yake. Ninalisema kwa sababu daktari akiuliza "nyinyi ni ndugu?" anatafuta aina ya ugonjwa, na jibu la kweli linafupisha safari.

Na kuna watoto ambao karatasi yao haina mtu yeyote. Jeni inaweza kubadilika yenyewe kwa mtoto huyo wa kwanza. Kwenye ugonjwa wa PHEX hilo si jambo adimu. Kwa hiyo ukoo msafi haumwondoi mtoto kwenye orodha, na hakuna mama aliyemharibu mtoto kwa alichokula wakati wa mimba, wala kwa jicho la mtu.

Hatua ya nne: vipimo, vyote kwa siku moja, kabla ya dawa mpya

Anzeni na hospitali iliyo karibu: Chake Chake, Wete, Abdalla Mzee kule Mkoani, au Mnazi Mmoja kwa walio Unguja. Ombeni kwa majina. Damu: kalsiamu, fosfeti, ALP (kimeng'enya kinachoonyesha kazi ya mifupa), kreatinini (kipimo cha figo), vitamini D, na homoni ya paradhairoidi, inayosimamia kalsiamu ya damu, ambayo kwenye karatasi huandikwa PTH. Mkojo, uliochukuliwa asubuhi ile ile ya damu: fosfeti, kalsiamu na kreatinini. Altrasaundi ya figo. Kuchukua mkojo na damu kwa pamoja ndiko kunakomwezesha daktari kukokotoa kama figo zinaimwaga fosfeti au zinaitunza. Kimoja bila kingine ni nusu ya habari. Visipopatikana vyote hapo mlipo, kalsiamu, fosfeti, ALP na kreatinini vikianza, vingine vinaweza kufuata kwa rufaa.

Hapa naomba mzazi awe makini sana, maana hapa ndipo mtoto anapoweza kupotea kwenye karatasi. Maabara nyingi huchapisha kando ya jibu kiwango cha kawaida cha mtu mzima. Fosfeti ya mtu mzima inaanzia karibu milimoli 0.8 kwa lita. Mtoto anayekua anahitaji zaidi: kati ya mwaka 1 na 5 kiwango chake ni takribani 1.3 hadi 2.1. Kwa hiyo mtoto wa miaka mitatu mwenye 0.9 atarudi na karatasi isiyo na alama yoyote nyekundu, ilhali fosfeti yake iko chini sana. Uliza kwa adabu tu: "Daktari, kiwango hiki ni cha umri wake?" Kama karatasi inatumia miligramu kwa desilita, 1.3 ni karibu sawa na 4. Na ALP ni kinyume chake: watoto wazima wote wanayo juu kuliko watu wazima, kwa hiyo iliyopanda kidogo peke yake si dalili.

Majibu yakija, picha kubwa iko hivi. Fosfeti iko chini, kalsiamu ni ya kawaida, ALP imepanda, PTH ni ya kawaida au imepanda kidogo, na mkojo una fosfeti nyingi: huu ni upande wa PHEX na ndugu zake. Kalsiamu iko chini na PTH imepanda sana, ingawa vitamini D ya kawaida imetosha: hapo mwili unashindwa kuigeuza vitamini D kuwa na nguvu, au unashindwa kuisikia. Damu yenye asidi, pamoja na mawe au chokaa kwenye figo, inaelekeza kwenye hitilafu ya mirija ya figo. ALP ikiwa chini, chini ya kiwango cha mtoto, hilo ni jambo la pekee kabisa: ni ugonjwa unaotokana na jeni ya ALPL, unaofanana na matege kwenye picha lakini vitamini D na kalsiamu za ziada huweza kumdhuru mtoto. Ndiyo maana ALP isikosekane.

Kipimo cha jeni chenyewe hufanyika kwa damu au mate, na sampuli mara nyingi husafirishwa nje. Ni kizuri, kinathibitisha aina na kinasaidia kupanga uzazi. Lakini matibabu hayakisubiri. Daktari anayeuona ukoo, eksirei na vipimo vya hatua hii anaweza kuanza dawa.

Hatua ya tano: ielewe dawa ya aina yake

Nitakaa zaidi kwenye PHEX kwa sababu ndiyo inayokutwa zaidi na ndiyo inayochosha. Jeni hii ikiharibika, mifupa hutoa kwa wingi homoni iitwayo FGF23. Homoni hiyo inaziamuru figo ziitoe fosfeti kwenye mkojo, na papo hapo inazizuia kutengeneza vitamini D yenye nguvu. Mfupa unaorefuka unabaki laini bila madini, ukilemewa na uzito unapinda.

Tiba iliyotumika tangu miaka ya 1980 ni dawa mbili kwa pamoja. Moja ni fosfeti ya kunywa, miligramu 20 hadi 60 za fosforasi kwa kila kilo ya mtoto kwa siku, ikigawanywa mara nne mpaka sita. Nyingine ni vitamini D iliyokwisha kupewa nguvu: alfakalsidoli nanogramu 30 hadi 50 kwa kilo kwa siku, au kalsitrioli 20 hadi 30. Fosfeti haikai mwilini, ni kama maji kwenye ndoo inayovuja, hupanda kwa saa chache na kushuka tena. Kumpa kiasi chote asubuhi na jioni hakumsaidii na kunamharisha. Na fosfeti peke yake, bila mwenzake, huamsha PTH na kuharibu zaidi. Zote mbili, au hakuna.

Mfano wa hesabu, ili mzazi aielewe karatasi ya daktari na si ili ajiandikie mwenyewe. Mtoto ana kilo 12, daktari ameagiza miligramu 40 kwa kilo, jumla 480 kwa siku. Dawa aliyopewa ni vidonge vya kuyeyusha, kimoja kina miligramu 500 za fosforasi. Pima maji safi mililita 100 kwa sirinji au kikombe chenye alama, tumbukiza kidonge, ngoja kiishe kuchemka na maji yatulie. Sasa kila mililita 20 zina miligramu 100. Mililita 20 mara tano ni miligramu 500, karibu sawa na zile 480, na siku imekamilika. Funika, weka pahala pa baridi, kesho tengeneza nyingine. Ladha yake ni ya chumvi na haipendezi. Kijiko cha maji ya embe au ukwaju baada yake kinasaidia. Maziwa, mtindi na vidonge vya kalsiamu visifuatane nayo: kalsiamu huikamata fosfeti tumboni na zote mbili zinatoka chooni. Mpe maziwa yake saa moja au mbili mbali na dawa.

Angalia vipimo vya alfakalsidoli mara mbili. Kapsuli zake ni za mikrogramu 0.25, 0.5 au 1 (mikrogramu 1 ni nanogramu 1,000), na nukta ikihama mahali pake mtoto amepata mara kumi. Kwenye duka la dawa usibadilishiwe vitamini D ya kawaida ukaambiwa "ni ile ile". Siyo ile ile.

Ipo dawa mpya, burosumabu, iliyoidhinishwa Ulaya na Marekani mwaka 2018. Inaikamata FGF23 yenyewe, ikitolewa kwa sindano chini ya ngozi kila wiki mbili kwa mtoto. Utafiti wa watoto 61 uliochapishwa mwaka 2019 ulionyesha inanyoosha na kuponya mifupa vizuri kuliko dawa mbili za zamani. Bei yake ni kubwa mno kwa familia yoyote ya kawaida, na kwa sasa sipendi mzazi aache dawa anazoweza kuzipata akiisubiri hiyo. Ikipatikana kwa njia yoyote, haichanganywi na fosfeti na alfakalsidoli. Hizo husimamishwa kwanza.

Aina nyingine nazipitia haraka. Ikiwa jeni ya CYP27B1 ndiyo mbovu, mwili haugeuzi vitamini D kuwa na nguvu; mtoto hupewa alfakalsidoli au kalsitrioli, na kalsiamu mwanzoni, hana haja ya fosfeti. Hawa hupona vizuri sana, ila dawa ni ya maisha. Ikiwa ni CYP2R1, ini linashindwa hatua ya mwanzo, na daktari hutafuta dozi kubwa kuliko kawaida au dawa iliyoruka hatua hiyo. Ikiwa ni VDR, mwili hauisikii vitamini D hata ikiwa nyingi. Mara nyingi ndiye yule mtoto asiye na nywele. Anahitaji kalsiamu nyingi mno, wakati mwingine ya kupitia mshipa kwa miezi, na hilo ni la hospitali kubwa. SLC34A3 ni jeni nyingine inayomwaga fosfeti, lakini humwaga na kalsiamu. Huyu apewe fosfeti peke yake, alfakalsidoli itamletea mawe. Ndiyo sababu kalsiamu ya mkojo hupimwa mwanzo. Wenye damu ya asidi hupewa sodiamu baikaboneti au dawa za sitrati. Na kuna familia chache ambazo ugonjwa wa FGF23 yenyewe hulala ukaamka chuma kinapopungua, kwa hiyo mtoto mweupe wa macho, mwenye minyoo, atibiwe upungufu wa damu pia.

Hatua ya sita: ratiba inayoishi nyumbani kwenu

Dawa mara tano kwa siku haiwezekani bila kufungwa kwenye siku ya mtoto. Kwetu adhana inasaidia: alfajiri, saa nne asubuhi wakati wa mapumziko ya skuli, baada ya adhuhuri, baada ya magharibi akitoka chuoni, na kabla ya kulala. Dozi ya saa nne ndiyo inayopotea. Nendeni mkaonane na mwalimu, mpeleke dawa kwenye chupa ndogo yenye dozi ya siku hiyo tu, na mumwambie maalimu wa chuoni pia kwamba mtoto huyu asichapwe kwa kutoka nje mara kwa mara, dawa humchafua tumbo.

Mwezi wa Ramadhani unakuja na swali lake. Mtoto mdogo hana saumu ya lazima, na mgonjwa ana ruhusa ndani ya Kurani yenyewe. Kijana aliyebaleghe anayetaka kufunga na wenzake msimwachie ajikatie dawa kimya kimya. Aonane na daktari kabla ya mwezi kuandama.

Wa Pemba, dawa ikibaki ya wiki mbili anza kutafuta nyingine. Boti ikisimama kwa upepo, duka la Unguja liko mbali.

Kila miezi mitatu: uzito, urefu, tepu ya magoti, kalsiamu, fosfeti, ALP, PTH, kalsiamu ya mkojo. Dozi hupandishwa kwa uzito, kwa hiyo mtoto aliyeongezeka kilo 3 bado akinywa dozi ya mwaka jana hatibiwi. Altrasaundi ya figo kila mwaka au miwili, maana dawa zenyewe zikizidi huweka chokaa kwenye figo. Lengo la daktari ni ALP kushuka na miguu kunyooka. Fosfeti ya damu haitakaa juu kutwa, msivunjike moyo kwa karatasi yake.

Kukandwa kwa mafuta ya nazi hakuna ubaya kukiwa kwa mkono mwepesi. Kumfunga miguu kwa vibao na kumvuta kunavunja mifupa laini. Daktari wa meno amwone mara mbili kwa mwaka, meno yakiwa hayaumi.

Hatua ya saba: upasuaji, kwa wakati wake

Mtoto mdogo aliyeanza dawa mapema anaweza kunyooka bila kisu. Dawa ipewe angalau mwaka mzima kwanza, kwa sababu mfupa uliokatwa ukiwa bado laini hurudi kupinda. Ikibaki, daktari wa mifupa anaweza kuweka kibati kidogo na skrubu upande mmoja wa goti kuzuia upande huo usirefuke mpaka mwingine ufikie. Hilo linataka mtoto awe bado ana miaka ya kukua, kwa hiyo rufaa ya kwenda Mnazi Mmoja, na pengine Taasisi ya Mifupa Muhimbili, Dar es Salaam, isicheleweshwe mpaka ubaleghe. Aliyekwisha kukua hubakiwa na njia ya kukata mfupa na kuunyoosha. Timu ya upasuaji lazima ijue dawa anazotumia. Mtoto atakayelazwa muda mrefu kitandani, kalsiamu inaweza kupanda na dozi ya alfakalsidoli hupunguzwa.

Hatua ya nane: mtoto ajaye

Baba au mama mwenye ugonjwa wa PHEX akipata mtoto, mtoto apimwe fosfeti na ALP katika wiki za mwanzo. Majibu yakiwa mazuri msifunge faili. Kwenye ugonjwa huu fosfeti inaweza kubaki ya kawaida miezi mitatu au minne ya mwanzo. Irudiwe akifika miezi mitatu, kisha sita, kisha mwaka, ikisomwa kwa kiwango cha umri wake kila mara. Mtoto wa kiume wa baba mwenye ugonjwa, mama akiwa mzima, hana haja ya kuzungushwa hospitali kwa hili. Kwa wazazi waliobeba jeni moja moja, kila mtoto mpya apimwe kalsiamu, PTH na ALP kabla hajaanza kusimama, na jina lake liandikwe kwenye faili lile lile la kaka au dada aliyetangulia kutibiwa.